Shajara ya mradi: simu ya mezani inayokata maneno

Siku ya 1

Simu imefika mezani kwangu. Ni ya vitufe, plastiki yake ilikuwa rangi ya maziwa na sasa imekuwa njano kama jino la mvutaji. Mkono wake unakaa kushoto; kulia kuna matundu ya spika, kitufe chenye picha ya spika, na kitelezi cha kuongeza sauti. Aliyenipa alisema, "Inafanya kazi, ila inakata." Kauli hiyo nimeisikia kuhusu kila kitu kuanzia redio hadi mashine ya kushonea, kwa hiyo sikuipa uzito.

Neno moja kabla sijaenda mbali. Kiswahili kina "kipaza sauti", na watu wanaliita hivyo lile unalosemea na hivyohivyo lile linalotoa sauti. Katika mradi huu hao wawili ndio wenye ugomvi, tena wanaishi boksi moja. Nitaandika maiki na spika, yaishe.

Adapta yake ilishapotea. Chini ya simu pameandikwa volti 9, na kuna kamchoro kanakoonyesha kwamba kati ya plagi ni hasi. Adapta nyingi nilizonazo ni chanya kati, kwa hiyo nimekata waya na kuugeuza kabla ya kuchomeka chochote. Bila adapta mkono wa simu unafanya kazi kama kawaida. Spika tu ndiyo inayokuwa bubu. Hilo ni la makusudi: laini ya simu inatoa umeme kidogo sana, na waliotengeneza simu za spika zinazokula laini tupu walilazimika kubana sana. Hii haikubanwa.

Kujaribu sikuhitaji laini ya kampuni ya simu. Nimechukua simu nyingine ya kawaida, nikaziunganisha mfululizo na pawasaplai ya volti 24 na rezista (kipuri cha kubana mkondo) ya omu 470. Kila simu inachukua kama volti 6 au 7, mkondo ukatulia kwenye miliampea 23. Laini halisi huwa na volti 48 mkono ukiwa chini, zinashuka hadi chache tu ukinyanyua, na mkondo huwa kati ya miliampea 20 na 50 hivi. Kwa hiyo tuko ndani. Mpango huu hauwezi kupiga kengele wala kutoa mlio wa kupigia, ule unaousikia ukinyanyua mkono kabla hujabonyeza namba, lakini watu wawili wanaongea.

Mpwa wangu alikwenda na simu ya pili chumba cha mwisho. Kwa mkono wa simu, safi. Nikabonyeza spika, nikaweka mkono chini, nikaanza kumsomea maandishi ya boksi la vipuri.

"Mjomba, umeenda wapi?"

"Niko palepale, nimekaa."

"Mbona sauti inaondoka kama mtu anayetoka chumbani?"

Tukarudia mara nyingi. Kila sentensi yangu inaanza vizuri, halafu inafifia ndani ya sekunde moja hivi. Nikinyamaza na kuanza upya, inarudi. Na tukiongea kwa kupokezana haraka, mwanzo wa maneno unaliwa, yake na yangu. Kwenye daftari nimeandika dalili mbili: kufifia, na kuliwa kwa mwanzo wa maneno. Nimezipigia mstari pamoja kama ugonjwa mmoja.

Siku ya 2

Skrubu nne, mbili zimefichwa chini ya miguu ya mpira. Ndani kuna bodi moja, vumbi la kutosha, na chipu ya pini 28 iliyoandikwa MC34118. Hiyo ni ya Motorola, chipu iliyokusanya karibu simu nzima ya spika ndani yake. Chini ya jina pamechapwa 9114, yaani wiki ya 14 ya mwaka 1991. Pembeni yake kuna ndugu yake mdogo wa pini 8, MC34119, anayesukuma spika. Maiki ni ya elektreti, aina iliyobuniwa na Gerhard Sessler na James West pale Bell Labs mwaka 1962, nayo imekaa ndani ya kikombe cha mpira mbele ya bodi. Kapasita za elektroliti, vile vikopo vidogo vyenye majimaji ndani vinavyotunza umeme kwa muda, nimehesabu kumi na moja. Hakuna iliyovimba wala kuvuja. Macho hayakunisaidia kitu leo.

Siku ya 3

Leo sikuwasha chuma cha kulehemu. Nimekaa na kalamu, kwa sababu niligundua kwamba nilikuwa natengeneza kitu ambacho sikielewi. Nilidhani simu ya spika ni simu ya kawaida iliyoongezwa amplifaya mbili. Ingekuwa hivyo ingepiga mluzi tangu siku ya kwanza.

Laini ya simu ina nyaya mbili tu, na maongezi ya pande zote mbili yanapita humo kwa wakati mmoja. Ndani ya kila simu kuna saketi ya haibridi inayoyatenganisha: kinachotoka kwenye maiki kiende kwenye laini, kinachotoka kwenye laini kiende masikioni. Zamani ilikuwa transfoma yenye mizunguko kadhaa ya waya. Kwangu ni amplifaya mbili ndani ya chipu, moja ikitoa sauti ya maiki sawa na nyingine ikiitoa kinyume, pamoja na rezista na kapasita chache zinazojifanya laini. Kama laini halisi inafanana na hiyo ya kuigiza, sauti yako inajifuta kabla haijafika upande wa kusikilizia. Isipofanana, inabaki. Na haifanani kamwe sawasawa, kwa sababu kila laini ina urefu wake. Kwa kawaida unapata punguzo la desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 10 hadi 20, basi.

Kwenye mkono wa simu mabaki hayo ni baraka. Unajisikia kidogo sikioni, unajua laini iko hai, hupigi kelele. Kwenye spika mabaki hayohayo ni balaa. Fuata njia: sauti inaingia maiki, inakuzwa, inafika haibridi, inavuja, inakuzwa tena, inatoka spika, inapita hewani, inaingia maiki. Ni duara. Aliyewahi kusimama na maiki mbele ya spika ukumbini anajua mwisho wake: sauti ikizunguka na kurudi na nguvu ileile iliyoondoka nayo, haiachi kuzunguka.

Na huwezi kujitetea kwa kukuza kidogo. Mkono wa simu unakaa kama sentimita 5 kutoka mdomoni. Mtu aliyeegemea kiti yuko sentimita 60 kutoka kwenye maiki ya mezani, mara 12 zaidi, na hapo sauti imeshapoteza kama desibeli 22. Lazima uzirudishe. Upande wa pili ni hivyohivyo, spika inatakiwa isikike chumba kizima badala ya kulala juu ya sikio. Kila unachoongeza pande zote mbili kinaingia kwenye duara lilelile.

Walichofanya ni mizani. Kwenye njia ya maiki kuna kipunguza sauti, kwenye njia ya spika kuna kingine, na vimefungwa pamoja. Mimi nikiongea, njia yangu inapewa desibeli +6 na ya spika inashushwa hadi −46. Mwenzangu akiongea, inageuzwa. Wote tukinyamaza, kila moja inakaa −20. Jumlisha hali yoyote kati ya hizo tatu: ni −40. Duara haliongezewi hata chembe, huku kila njia ikipanda na kushuka desibeli 52, ambazo kwa volti ni kama mara 400. Nilipoona hesabu hiyo nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimezoea kuona mashine ikitatua tatizo kwa kuongeza kitu. Hii imelitatua kwa kutowaruhusu watu wawili kuongea pamoja.

Kwa hiyo lazima kuwe na mwamuzi. Ndani ya chipu kuna vipima sauti vinne, viwili kila njia, kimoja kabla ya kipunguza sauti na kingine baada yake. Vilinganishi vinatazama nani ana nguvu zaidi. Lakini nguvu peke yake ingempa ushindi feni au mvua, kwa hiyo kila njia ina kipimo kingine, cha kelele za nyuma. Maongezi ya binadamu huja kwa mafungu, silabi, pengo, silabi. Kelele ya feni haina mapengo. Kipimo hicho kina kapasita inayojaa taratibu na kumwaga haraka. Sauti ikiruka ghafla juu ya kiwango cha kapasita, ni mtu. Ikitulia muda mrefu mpaka kapasita ikaifikia, ni feni, na mizani inarudi katikati polepole.

Inarudi katikati polepole. Niliandika sentensi hiyo, nikaitazama, nikaenda kulala nikijua kesho nitapima wapi.

Siku ya 4

Kapasita ya kelele upande wa maiki inatakiwa iwe na ujazo wa maikrofaradi 47, inajazwa kupitia rezista ya omu 100,000. Zidisha: sekunde 4.7. Huo ndio uvumilivu wa simu hii, muda inaokupa kabla haijakuhesabu kuwa feni.

Niliweka multimita kwenye pini yake nikaanza kuongea. Volti zilitakiwa zipande kama maji kwenye pipa. Zilirukaruka na kila neno. Nikaing'oa kapasita, nikaipima peke yake: maikrofaradi 2.9. Maji yake yamekauka ndani ya kopo zima lisilo na alama yoyote. Kwa kiasi hicho uvumilivu ni chini ya theluthi moja ya sekunde, yaani vokali moja ndefu inatosha kunifanya kelele. Simu haikuwa inapoteza sauti yangu. Ilikuwa inanisikia vizuri, na inaamua kwamba mimi si mtu.

Ya upande wa spika imebaki 11. Ndiyo maana sauti ya mpwa wangu ilifika vizuri kuliko yangu.

Nimezibadilisha zote kumi na moja, kwa sababu aliyezeeka na hawa wawili yuko karibu nao. Wawili kati ya hao wengine nao walikuwa chini ya nusu.

Siku ya 5

Jaribio la "aaa". Nilimwambia mpwa wangu asikilize, nikavuta vokali moja mbele ya maiki bila kukata pumzi. Alihesabu kwa sauti kwenye simu yake: moja, mbili, tatu, nne, tano, halafu akasema, "Sasa unaondoka." Sekunde tano hivi. Kabla ya matengenezo alikuwa hafiki hata moja.

Sentensi ndefu sasa zinafika mwisho. Dalili ya kwanza imekufa. Ya pili iko palepale, na kumezaliwa ya tatu: nikipandisha kitelezi zaidi ya nusu, mpwa wangu anakatika katikati ya maneno yake mwenyewe, na anapokatika anajisikia akirudi kama mwangwi mfupi. Simu inajijibu. Sauti yake inatoka kwenye spika, inaingia kwenye maiki, mwamuzi anadhani ni mimi, anageuza mizani. Akikatwa, spika inanyamaza, mizani inarudi, anaanza tena. Zamani tatizo hili lilikuwepo lakini kapasita mbovu zilikuwa zinalificha, maana zilikuwa zinamrudisha kila mtu katikati.

Siku ya 6

Ni kikombe cha mpira cha maiki. Kimekuwa kigumu kama kucha. Kilitakiwa kuitenga maiki na plastiki. Sasa kinaibana kwenye plastiki, na plastiki yote inatetemeka na spika. Niligonga boksi kwa ncha ya kidole sehemu ya mbali kabisa, mpwa wangu akasema nimemgonga sikio.

Simu za zamani zaidi hazikuwa na shida hii kwa sababu hazikuthubutu. Seti ya 4A ya Western Electric, ya miaka ya 1970, ilikuwa na vipande viwili mezani: boksi la maiki lenye vitufe, na boksi la spika peke yake. Uliviweka mbali kadiri meza ilivyoruhusu, na umbali ukafanya kazi ambayo hapa inafanywa na mpira wa milimita mbili. Kwa macho ni seti kubwa, ya kibosi. Kwa sauti nadhani walikuwa sahihi. Kwangu kati ya spika na maiki kuna sentimita 14.

Nimekata pete ya sponji laini na kuizungushia maiki isiguse ukuta popote, mbele nikaacha tundu lake tu. Pia skrubu moja ya spika ilikuwa imelegea. Sasa kitelezi kinafika robo tatu kabla simu haijaanza kujijibu. Robo ya mwisho niliiacha. Chumba changu kina kuta tupu, zinarudisha sauti, na hilo si kosa la simu.

Siku ya 8

Nimeitoa kwenye pawasaplai na kuichomeka kwenye adapta ya simu ya intaneti, ambayo inatoa laini karibu na halisi. Tofauti ilisikika mara moja: mwamuzi ametulia. Ile laini yangu ya simu mbili na rezista haikufanana kabisa na laini ya kuigiza iliyo ndani, kwa hiyo haibridi ilikuwa inavuja sana. Nilipaswa kuanza na adapta hii. Siku ya 5 ingekuwa fupi.

Nilipobonyeza spika, mlio wa kupigia ukaja, ukaendelea. Hapo nikasimama. Mlio huo ni sauti isiyo na pengo, hezi 425 katika nchi nyingi, mchanganyiko wa 350 na 440 kule Marekani. Kwa sheria za Siku ya 3 ni feni tupu. Baada ya sekunde tano ulitakiwa ufifie, na haukufifia. Nikarudi kwenye mchoro: kuna kigunduzi cha mlio wa kupigia upande wa spika. Sauti ya laini ikizidi kiwango fulani, chipu inakatazwa kuirudisha katikati hata ikinyooka kama uzi. Mtu aliyekumbuka kuweka hicho kigunduzi lazima aliwahi kukaa kama mimi, kidole juu ya kitufe, akisikia mlio ukimfia mkononi.

Feni nayo nimeijaribu. Nikaiwasha nusu mita kutoka kwenye simu. Kwa sekunde chache upande wa pili walisikia upepo tu, halafu ukashuka. Nikiongea juu yake napita, ila inabidi nikaze sauti kidogo, kwa sababu sasa naruka kutoka kiwango cha juu zaidi.

Siku ya 9

Imebaki dalili ya pili, mwanzo wa maneno. Nimebadilisha kila kitu kinachobadilishika na bado inaliwa, kwa hiyo nimeanza kushuku kwamba si ugonjwa, ni tabia. Kutoka katikati kwenda upande wangu mizani inageuka haraka sana, hapo hupotezi kitu cha maana. Lakini mwenzako akiwa anaongea, njia yako iko −46. Unaanza kusema, kipima sauti kinapaswa kwanza kukuona wewe una nguvu kuliko yeye anayetoka kwenye spika, ndipo kigeuze. Kinachotangulia hapo hakifiki popote.

Nilimwambia mpwa wangu asome kwa sauti bila kupumzika, nami nimkatize kwa neno moja: "Hatusaini." Aandike alichosikia. Nilifanya hivyo mara kumi. Aliporudi na karatasi, sita zilikuwa "hatusaini". Nne zilikuwa "tusaini".

Tulitazamana.

"Mjomba, kama hii ilikuwa ofisini kwa mtu…"

"Ndiyo."

Kiswahili kimeweka kukataa mwanzoni kabisa mwa neno. Si-, ha-, hatu-, hawa-. Na kimekuweka kwenye sauti dhaifu kuliko zote: "h" ni pumzi tu, na "s" sehemu kubwa ya nguvu yake iko juu ya hezi 3400, pale laini ya simu inapoishia. Mkazo wa neno uko silabi ya pili kutoka mwisho, mbali na huko. Kwa hiyo kipima sauti kinapoamka, "sikubali" imeshakuwa "kubali", na "hatukubali" imeshakuwa "tukubali", na mwenzako anasikia neno zima, lenye maana, lisilo na dalili ya kukatwa. Lugha inayoweka kukataa mwishoni ingeponea hapa. Nimejaribu pia "siji", alisikia "ji", akauliza "nini?", na hilo ni afadhali mara kumi.

Dawa haimo ndani ya bodi. Ningeweza kuongeza wepesi wa kipima sauti cha maiki kwa kubadilisha rezista moja, ila hapo spika itaanza kukizindua tena na nitarudi Siku ya 5. Simu nyingi za leo zimeacha mizani: zinajifunza umbo la mwangwi wa chumba na kulitoa kwa hesabu, ndiyo maana watu wawili wanaweza kukatizana. Hii ya 1991 itabaki ilivyo.

Tulijaribu tena, safari hii natanguliza neno lolote la kupoteza. "Sikiliza, hatusaini." Mara kumi, kumi. "Sikiliza" ilifika ikiwa "kiliza" au "liza", nayo haina kazi nyingine.

Nimefunga skrubu nne, nimerudisha miguu ya mpira. Chini, kando ya ule mchoro wa plagi hasi, nimeandika kwa kalamu ya wino usiofutika tarehe ya kubadilisha kapasita, na mstari wa pili: *Anza na "sikiliza", ndipo ukatae.*